Idhini ya Mgonjwa na Utoaji wa Kumbukumbu za Matibabu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekaa miaka mingi upande wa ndani wa dirisha la kumbukumbu za hospitali, pale faili linapotoka kabatini na kuingia mikononi mwa mtu. Maswali haya hunijia kila wiki. Mengine huletwa na wagonjwa, mengine na ndugu zao, na si machache yanatoka kwa wahudumu wenzangu. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo ukiwa na shauri la kufika mahakamani, muone mwanasheria wa kwenu. Misingi ninayoieleza hapa, hata hivyo, utaikuta karibu kila mahali.

Kumbukumbu za matibabu ni zipi hasa?

Wengi hudhani ni ile karatasi ya majibu tu. Kumbe ni kila kilichoandikwa kukuhusu tangu ulipoingia: maelezo uliyompa daktari, alichoandika baada ya kukupima, majibu ya maabara, picha za eksirei, orodha ya dawa, maandishi ya muuguzi wa zamu ya usiku, barua ya rufaa, madai yaliyopelekwa bima. Hata mstari mmoja kwenye daftari la mapokezi unaoonyesha ulifika kliniki fulani umo. Huu wa mwisho husahaulika sana. Ukisema tu kwamba fulani alionekana kliniki ya afya ya akili, umeshatoa siri yake, ingawa ugonjwa hukuutaja.

Faili ni langu au ni la hospitali?

Karatasi na kompyuta ni mali ya hospitali. Habari zilizomo ni zako. Mahakama ya Juu ya Kanada ililiweka wazi jambo hili mwaka 1992, katika kesi ya McInerney dhidi ya MacDonald. Mgonjwa alitaka nakala ya faili lake lote, daktari akampa kurasa alizoziandika yeye mwenyewe na kukataa zile za madaktari waliotangulia. Mahakama ilisema daktari anamiliki faili kama kitu, lakini habari za mgonjwa amewekewa, hivyo kwa kawaida mgonjwa anastahili kupata nakala ya vyote, hata vilivyoandikwa na wengine.

Sisi tuna neno linalolibeba wazo hilo lote: amana. Uliyewekewa amana huigawi kwa kila anayepita, wala humnyimi mwenyewe akija kuiulizia.

Nilikubali kutibiwa. Je, si nimekubali pia habari zangu zitolewe?

Hapana. Hizo ni ruhusa mbili tofauti. Ya kwanza inahusu mwili wako. Mwaka 1914, katika kesi ya Schloendorff huko New York, Jaji Benjamin Cardozo aliandika kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye haki ya kuamua mwili wake ufanyiwe nini. Ya pili inahusu habari zako: nani azione, na kwa kazi gani. Mtu anaweza kukubali upasuaji kwa moyo mweupe na bado asitake jirani anayefanya kazi maabara ajue alipasuliwa nini.

Je, madaktari wanaonitibu wanapoonyeshana faili langu, wanahitaji kuniomba ruhusa kila mara?

Kwa kawaida hawahitaji. Daktari aliyekuona, muuguzi anayekuchoma sindano, mtu wa maabara, mfamasia na daktari unayepewa rufaa kwake huhesabiwa kuwa wako kwenye duara moja la matibabu yako, nawe unatarajiwa kulijua hilo. Lakini duara lina mpaka. Muuguzi wa wodi nyingine anayefungua faili lako kwa sababu ameona jina analolifahamu hayumo, japo amevaa sare ileile. Swali ninalowauliza wenzangu ni moja: unamhudumia mgonjwa huyu leo? Kama humhudumii, faili lake si lako.

Idhini iliyokamilika inatakiwa kusema nini?

Iseme habari zipi, zinakwenda kwa nani, kwa kazi gani, na mwisho lini. Iwe na jina lako, sahihi na tarehe. Pia ikueleze kwamba unaweza kuifuta.

Nitatoa mfano. Mtu amevunjika mkono kazini na anadai fidia. Analetewa fomu yenye sentensi moja: “Naruhusu hospitali itoe taarifa zangu zote za matibabu.” Akisaini hivyo, anayeshughulikia mkono uliovunjika atasoma pia habari za mimba iliyoharibika miaka tisa iliyopita, dawa za usingizi alizopewa baada ya msiba, na kipimo cha magonjwa ya zinaa alichofanya akiwa kijana. Hakuna hata kimoja kinachohusu mkono. Fomu iliyoandikwa sawasawa ingesema: “Naruhusu itolewe ripoti ya daktari na picha za eksirei za mkono wa kulia, kuanzia siku ya ajali hadi leo, kwa ajili ya dai hili tu.” Una haki ya kukata maneno “taarifa zote” kwa kalamu, ukaandika unachokubali, ukaweka sahihi fupi pembeni. Ukiwa mbele ya dirisha langu nitakupa kalamu mwenyewe.

Nilisaini bila kusoma, au bila kuelewa. Idhini hiyo inahesabika?

Swali hili linaniuma, kwa sababu nimeona linavyotendeka. Mgonjwa yuko kwenye machela, maumivu yamempanda, anawekewa ubao wenye karatasi juu yake na kuambiwa, “Weka sahihi hapa.” Anaweka. Hakuna aliyemsomea.

Kiswahili kinatupa maneno mawili ambayo tunayachanganya kila siku, nayo hayalingani. Idhini ni ruhusa. Ridhaa inatoka kwenye kuridhia, moyo ukakubali jambo ukilijua. Karatasi inaweza kuwa na idhini bila ridhaa hata chembe. Sheria za nchi nyingi zinadai hiyo ya pili: mtu awe ameelezwa, ameelewa, ana akili ya kuamua wakati huo, na hakulazimishwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Montgomery iliyotoka Scotland, ilisema daktari amweleze mgonjwa hatari ambazo mtu katika hali ya mgonjwa huyo angeziona ni za maana kwake, si zile tu ambazo madaktari wenyewe wanaona zinafaa kutajwa. Kesi ilihusu kujifungua, lakini funzo lake linafika hadi kwenye fomu ya kutoa kumbukumbu: mpime anayesaini kwa macho yake, usimpime kwa macho ya hospitali.

Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi asiye na faida katika jambo hilo, ndipo aweke dole gumba. Asiyesikia atafutiwe mkalimani wa lugha ya alama; mtoto wake mdogo asifanywe mkalimani wa habari za mama yake. Na muulize akueleze kwa maneno yake mwenyewe amekubali nini. Akishindwa, hajaelewa, na kosa ni lako wewe uliyeeleza.

Mume, mke, mzazi au ndugu anaweza kunichukulia majibu?

Kama umeruhusu, ndiyo. Kama hukuruhusu, hapana, na hapa ndipo ninapogombana na watu wengi.

Mwanamume mmoja alikuja dirishani na kadi ya kliniki ya mkewe. Alikuwa mpole, amevaa vizuri, kadi ameikunja mara mbili ndani ya bahasha. Akasema, “Dada, naomba majibu ya mke wangu, yeye kachoka, kanituma.” Nilimwomba karatasi yenye sahihi ya mkewe. Akacheka kidogo: “Mimi ndiye ninayemlipia.” Nikamwambia naamini, na kwamba nikiona sahihi nitampa papo hapo. Alirudi nyumbani amekasirika. Baada ya siku mbili mke alikuja peke yake. Hakuwa amemtuma mtu. Kadi ilichukuliwa mkobani akiwa amelala. Sikumuuliza majibu yalikuwa ya nini wala hakunieleza, ila alipopokea bahasha yake aliishika kwa mikono miwili na kusimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kumlipia mtu matibabu hakukupi umiliki wa siri zake. Ndoa haitoi, undugu hautoi. Wengi huja na nia njema kabisa, na mimi sina kipimo cha kupima nia kupitia kioo cha dirisha. Kipimo nilicho nacho ni sahihi ya mgonjwa. Ukitaka mtu akuchukulie, andika mistari miwili: jina lake, jina lako, anachotakiwa kupewa, tarehe, sahihi. Naye aje na kitambulisho.

Mtoto wangu je? Mimi si mzazi wake?

Kwa mtoto mdogo, mzazi au mlezi halali ndiye anayetoa idhini na ndiye anayeona faili. Ugumu huanza mtoto anapokua. Mwaka 1985 Baraza la Malodi la Uingereza, katika kesi ya Gillick, lilisema mtoto aliye chini ya miaka 16 anaweza kutoa idhini ya matibabu yeye mwenyewe iwapo ana uelewa wa kutosha wa kinachoamuliwa. Nchi nyingi zina umri wao na masharti yao, hasa kwa vipimo vya VVU na uzazi wa mpango, na inakubidi uulize ya kwenu. Wazazi wakitengana, kwa kawaida kila mmoja hubaki mzazi hadi mahakama iseme vingine. Hospitali haipaswi kugeuzwa uwanja wa kesi ya talaka.

Mzazi mwenzangu, nakuomba jambo moja. Binti akiomba dakika tano peke yake na daktari, toka nje. Kuna mambo atakayoyasema katika dakika hizo ambayo yanaweza kumwokoa.

Mgonjwa hajitambui. Nani anatoa idhini?

Kwanza tazameni kama aliandika mapema nani aamue kwa niaba yake. Kama hakuandika, sheria ya nchi hutaja mpangilio, mara nyingi mwenzi, kisha watoto wakubwa, wazazi, ndugu. Katika dharura ya kuokoa maisha, daktari hutibu bila kusubiri sahihi na hutafuta habari popote zilipo. Lakini anayeamua kwa niaba ya mgonjwa hupewa habari za uamuzi ulio mbele yake. Hafunguliwi faili la miaka thelathini. Na mgonjwa akizinduka, mamlaka hurudi kwake.

Hospitali inaweza kutoa habari zangu bila idhini wakati gani?

Zipo nafasi chache, nazo zifahamike ili zisitanuliwe. Amri ya mahakama ni moja. Magonjwa ambayo sheria inataka yaripotiwe kwa mamlaka ya afya, kama kipindupindu, ni nyingine. Dalili kwamba mtoto anadhulumiwa ni ya tatu katika nchi nyingi. Ya nne ni hatari ya kweli kwa maisha ya mtu mwingine.

Kuhusu hiyo ya nne, kesi inayotajwa zaidi ni ya Tarasoff, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Zaidi ya California mwaka 1976. Mgonjwa alimwambia mtaalamu wa saikolojia kwamba anakusudia kumuua msichana fulani. Mtaalamu aliwaarifu polisi wa chuo, msichana mwenyewe hakuambiwa, na mwaka 1969 aliuawa. Mahakama ilisema mtaalamu anayejua kwamba mgonjwa wake ni hatari kwa mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu huyo. Naikubali hukumu hiyo. Ninachokikataa ni kuitumia kama ufunguo wa kila mlango. Hatari iwe kubwa, imlenge mtu, na kitolewe kile tu kinachohitajika kumkinga. Anayehitaji kuonywa hahitaji kusoma faili.

Polisi wakija na kuomba faili?

Sare si amri ya mahakama. Mhudumu aulize kwa heshima: ombi liko wapi kwa maandishi, linategemea sheria ipi, linahusu nini. Kisha alipeleke kwa mkuu wa kitengo, asilimalize peke yake dirishani. Ikiwa sheria inataka litolewe, litolewe lile lililotajwa, na iandikwe nani amechukua nini na siku gani. Mgonjwa mwenyewe anayehitaji ripoti kwa ajili ya kesi ya kupigwa au kubakwa asicheleweshwe kwa kisingizio cha usiri; usiri upo kumlinda yeye.

Mwajiri wangu anataka kujua naumwa nini.

Mwajiri anahitaji kujua kama unaweza kufanya kazi, kwa muda gani hutaweza, na kama kuna kazi usiyopaswa kupewa. Barua ya daktari inaweza kusema hayo yote bila kutaja jina la ugonjwa. Ukipimwa afya kwa ajili ya kazi, uliza kabla ya kutoa damu: majibu yanakwenda kwa nani, yote au hitimisho tu?

Bima ni tofauti kidogo, kwa sababu ndiyo inayolipa na inahitaji kuthibitisha huduma. Hata hivyo ipelekewe yanayohusu dai hilo.

Habari za VVU na afya ya akili zina ulinzi wa ziada?

Katika nchi nyingi, ndiyo. Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inaziweka habari zote za afya katika kundi la pekee. Marekani, chini ya HIPAA, sheria ya mwaka 1996 inayolinda habari za afya, maandishi binafsi ya mtaalamu wa tiba ya saikolojia yanayowekwa kando na faili yanahitaji idhini maalumu ya mgonjwa.

Kuhusu VVU, mwaka 1997 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya mwanamke aliyejulikana kwa herufi moja tu, Z, dhidi ya Finland. Madaktari wake walilazimishwa kutoa ushahidi katika kesi ya jinai ya mumewe, na mahakama ilikubali kwamba hilo lilikuwa na sababu. Lakini kuruhusu kumbukumbu hizo ziwe wazi kwa umma baada ya miaka 10, na kumtaja jina na hali yake kwenye hukumu ya rufaa, ilisema ni kuvunja haki yake. Ilieleza pia kwamba siri zisipolindwa watu wataogopa kupima na kutibiwa. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tunapenda kumnyooshea mgonjwa kidole kwa methali hiyo. Ni haki kuigeuza upande wetu pia: ukitaka asifiche, mwonyeshe kwamba akikufunulia hutamwanika.

Kuna mhudumu amenipiga picha ya kidonda na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la madaktari. Inaruhusiwa?

Kuomba ushauri kwa mwenzake ni sehemu ya kutibu. Lakini akuombe kwanza, akueleze picha inakwenda kwa nani, na isionyeshe uso, jina, namba ya faili wala chale ya kukutambulisha. Picha ikishaingia kwenye simu ya watu arobaini, hakuna anayeweza kuirudisha.

Na si simu tu. Siri nyingi nilizosikia zikimwagika zilimwagika kwa sauti: jina na kipimo vikiitwa kwa nguvu koridoni, madaktari wakizungumza kwenye lifti.

Wanasema watatumia data yangu kwenye utafiti, majina yakiwa yamefutwa. Niwe na wasiwasi?

Uwe na maswali. Kufuta jina hakutoshi kila mara. Miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti kumbukumbu za hospitali za wafanyakazi wake, majina yakiwa yameondolewa. Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi wa kompyuta, alizilinganisha na orodha ya wapigakura kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta. Akalipata faili la gavana mwenyewe.

Na kuna habari ya Henrietta Lacks. Mwaka 1951 seli za uvimbe wake zilichukuliwa katika hospitali ya Johns Hopkins bila yeye kuombwa. Alifariki mwaka huohuo. Seli hizo, zinazoitwa HeLa, zinaendelea kuzaana maabara hadi leo na zimesaidia tafiti nyingi, ikiwemo ya chanjo ya polio. Mwaka 2013 watafiti waliichapisha ramani ya vinasaba vya seli hizo, tena bila kuwauliza watoto na wajukuu wake, ambao sehemu ya siri hiyo ni yao pia. Baada ya malalamiko, yalifanyika makubaliano ya kuwashirikisha wanafamilia katika kuamua nani atumie data hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kuombwa.

Basi uliza: data itakaa wapi, nani mwingine atapewa, sampuli yangu itatunzwa kwa muda gani, na nikikataa, je, matibabu yangu yatabaki vilevile? Jibu la swali la mwisho lazima liwe ndiyo.

Ninaweza kufuta idhini niliyoitoa?

Ndiyo, kwa maandishi, na huhitaji kueleza sababu. Kilichokwisha kutoka hakirudi, lakini kisichotoka kinazuiwa kuanzia hapo. Baki na nakala yenye muhuri wa siku ilipopokelewa.

Naombaje nakala ya faili langu, na nikikuta kosa?

Andika ombi, taja kipindi na unachotaka, njoo na kitambulisho. Sheria ya Marekani niliyoitaja huipa hospitali siku 30. Ya Umoja wa Ulaya mwezi mmoja. Ukikuta kosa, mfano umeandikiwa mzio wa penisilini usio nao au kundi la damu lisilo lako, omba lirekebishwe. Maandishi ya zamani hayafutwi. Sahihisho huwekwa kando yake likiwa na tarehe na jina la aliyeandika. Daktari akikataa kubadili maoni yake, omba maelezo yako yaambatishwe.

Mgonjwa akifa, siri inakwisha?

Haikwishi. Azimio la Geneva, kiapo cha madaktari wa dunia cha mwaka 1948, liliongezewa mwaka 1968 maneno ya kutunza siri za mgonjwa hata baada ya kufa kwake. HIPAA huzilinda kwa miaka 50 baada ya kifo. Msimamizi wa mirathi kwa kawaida anaweza kuomba yanayohitajika, na ndugu wa damu wanaweza kuwa na sababu nzito kama ugonjwa wa kurithi. Shangazi anayetaka kujua “alikufa na nini hasa” ili akahadithie msibani hana.

Siri yangu imeshavuja. Nifanye nini?

Andika mara moja ulichosikia, umesikia kwa nani, siku na saa. Peleka malalamiko kwa uongozi wa hospitali kwa maandishi, kisha kwa baraza linalosimamia taaluma ya mhusika au mamlaka ya ulinzi wa data kama nchi yenu inayo. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Uganda vilevile, na Tanzania tangu 2022.

Kama hospitali inatumia kompyuta, dai jambo moja zaidi, na ulidai kwa maneno haya: “Naomba orodha ya kila aliyefungua faili langu, na saa aliyolifungua.” Mifumo mingi huitunza. Niliwahi kuketi na mgonjwa tukaipitia orodha ya namna hiyo mstari kwa mstari, kidole changu juu ya karatasi, mpaka tukafika jina moja la mtu wa kitengo ambako mgonjwa hakuwahi kutibiwa, saa tatu usiku, siku ya Jumapili. Alinyamaza. Kisha akasema, “Huyo ni wifi yangu.”